Upande B wa Kanda ya Tatu

Kanda ziko tano, kila moja ya dakika 60, ndani ya kopo la biskuti lililoshika kutu pembeni. Juu ya kila moja ami yangu aliandika kwa wino wa buluu, "Wazee wa Bandari", kisha namba, kisha mwaka, 1986. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na huo ni mwandiko wa ubaoni, unaosomeka hata ukikaa dawati la nyuma. Alipofariki, kopo lilikuja kwangu kwa sababu moja tu: katika ukoo mzima mimi ndiye niliyebaki na redio kaseti inayofanya kazi.

Ami alikuwa akitafuta habari za Chege Kibachia. Vitabu alivyofundishia darasani havikuwa na nafasi kubwa ya mtu huyo, ilhali babu yangu na marafiki zake, watu waliobeba magunia Kilindini tangu ujana wao, hawakuweza kukaa barazani jioni mbili bila kumtaja. Basi akanunua kanda, akaazima kinasa sauti, akaandika maswali 14 kwenye daftari, akawaketisha wazee watatu mkekani nyumbani kwetu Majengo. Mmoja alikuwa mwendesha winchi. Wa pili alifanya kazi kwenye matishali, zile mashua bapa za kupakulia mzigo meli inapotia nanga mbali na gati. Wa tatu ni babu, ambaye hakuwa na chombo wala cheo. Alikuwa kibarua.

Kwa asiyekijua, kisa chenyewe ni hiki. Jumatatu, tarehe 13 Januari 1947, Mombasa ilisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata wapishi na watumishi wa majumbani. Vita vilikuwa vimekwisha lakini bei hazikushuka, vyumba vilikuwa haba, na mshahara ulikuwa uleule. Walidai waongezewe, na walidai jambo jingine ambalo lilimkera bwana zaidi ya shilingi: kazi sawa ilipwe sawa, bila kutazama rangi ya mtu. Kila siku walikusanyika kwenye uwanja wa mpira walioita Kiembeni. Ulikuwa kisiwani, usichanganye na Kiembeni ya leo kule Bamburi. Na hapo uwanjani, mgomo ukiwa tayari unakwenda, ndipo kilipozaliwa chama chao, African Workers' Federation. Kwa kawaida chama huzaa mgomo. Hapa mgomo ndio uliozaa chama, na chama kikamleta mbele Kibachia, kijana wa Kiambu aliyesoma Alliance.

Siku 12. Mwisho wake alikuja Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, akawasihi watu warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yangesikilizwa. Yalisikilizwa, na baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, yuleyule ambaye miaka michache baadaye alimhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria, likatoa nyongeza. Agosti ya mwaka huohuo Kibachia alisafiri kwenda Nairobi kukitanua chama. Akakamatwa. Wakampeleka uhamishoni Kabarnet, Baringo, akakaa huko miaka 10. (Mwezi huohuo Makhan Singh, mwasisi mwingine wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa akirejea Kenya kutoka India, ambako Waingereza walimfunga. Mmoja anatolewa mlangoni, mwingine anaingia. Wa pili naye hawakumwacha nje muda mrefu.)

Hayo yote nimeyapata vitabuni. Kwenye kanda hayamo, au yamo kwa namna nyingine kabisa.

Unaposikiliza kanda ya kwanza, jambo la kwanza unalosikia ni vikombe. Muuza kahawa anapita, anakogonganisha vikombe vyake, na ami anangoja apite ndipo aulize. Halafu sauti yake, nyembamba na rasmi, kana kwamba yuko mbele ya mkaguzi wa shule: "Swali la kwanza. Kiongozi huyu alikuwa mtu wa namna gani?"

Kimya. Kisha mzee wa winchi anajibu kwamba mkate ulikuwa umepanda bei.

Ami anavumilia. Anauliza tena. Mzee wa tishali anasema Kibachia alikuwa mrefu. Mzee wa winchi anasema hapana, alikuwa mfupi, huyo mrefu ni mwingine. Wanabishana juu ya urefu wa mtu kwa dakika nne nzima, na mwisho wanakubaliana kwamba alikuwa kijana. Ami anauliza alisema nini uwanjani. Wanamwambia jua lilikuwa kali, na kwamba watu walikaa chini wote, Mluo na Mkamba na Mtaita na Mgiriama na Mswahili wa Mji wa Kale, na jambo hilo hawakuwahi kuliona kabla. Ami anauliza serikali ilimpeleka wapi. Mzee wa tishali anasema alitiwa katika meli usiku.

Nilipoanza kunakili kanda hizi nilikasirika kidogo kwa niaba ya ami. Maskini mwalimu na maswali yake 14! Alitaka wasifu wa kiongozi akapewa bei ya mkate. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa akijibiwa. Yule wa meli, kwa mfano. Kabarnet haina bahari; iko juu milimani, siku nyingi kutoka pwani kwa mwendo wa zamani. Lakini kwa mtu wa matishali, ambaye maisha yake yote aliona vitu vikipotea kwa njia moja tu, yaani kuingia melini na kuvuka mlango wa bandari, mtu aliyechukuliwa asirudi angekwenda kwa njia gani nyingine?

Hapa sharti niseme kidogo kuhusu kibarua, maana bila hilo yanayofuata hayaeleweki. Neno lenyewe ni barua ndogo: kile kijikaratasi cha kuonyesha kwamba leo mtu ana kazi. Kesho ni karatasi nyingine, au hakuna. Waajiri waliupenda mpango huo kwa sababu meli haziji kwa ratiba ya msikiti. Siku moja gati zimejaa, siku ya pili bandari tupu, na hawakutaka kumlipa mtu aliyekaa. Lakini mpango huo ulikuwa na makali upande wa pili. Utamtishaje kwa kumfukuza mtu ambaye hukumwajiri? Kibarua aliweza kukaa kwao wiki nzima akilima mihogo na hakuna wa kumwuliza. Frederick Cooper, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika kitabu kizima juu ya makuli wa Mombasa mwaka 1987, anaonyesha vizuri jinsi serikali ilivyokuja kumwogopa kibarua kwa sababu hiyo, hata ikaona heri kumgeuza kuwa mfanyakazi wa kudumu, mwenye kazi ya kupoteza.

Hayo ni kweli. Ila kibarua mwenye mke na mtoto mjini, asiye na shamba karibu, alikuwa na hesabu nyingine. Asipokwenda leo, leo nyumbani hapaliki. Mfanyakazi wa mwezi akigoma siku tatu, bado ana unga wa mwezi uliopita. Kibarua siku ya tatu ameshamaliza kila alichonacho. Na mgomo ulikwenda siku 12.

Sasa nifike kwenye kanda ya tatu.

Upande A ni wa siku za uwanjani, na ni bora kuliko zote. Wazee wamezoea kinasa sauti, wamesahau kwamba kipo. Wanacheka. Babu anasimulia vizuri. Ndiye mwenye sauti nzito kuliko wote, na ana tabia ya kurudia neno la mwisho la sentensi, kama anayelipima uzito kabla ya kulipakia. Anasema Kiembeni watu walikuja na walichonacho wakala pamoja. Anasema yeye mwenyewe alikaa pale tangu siku ya kwanza mpaka siku ya Mathu. "Tangu kwanza mpaka mwisho," anasema. "Mwisho."

Hili ndilo tulilokua nalo. Sebuleni kwetu palikuwa na picha ya babu, mikono nyuma, na mgeni yeyote aliyeitazama sana aliambiwa, huyu alikaa Kiembeni siku zote 12. Nilipokuwa shule ya upili niliandika insha juu yake nikapata alama nzuri. Sikuwa nimesikiliza kanda hata moja.

Upande B unaanza na swali la tisa, kuhusu wale walioshindwa na njaa wakarudi kazini kabla ya wenzao. Ami anauliza bila nia mbaya. Swali liko daftarini na zamu yake imefika. Mzee wa tishali anasema walikuwepo, wachache, na watu waliwajua. Mzee wa winchi anasema ni kweli. Babu hasemi.

Ndipo inapoingia sauti ya mwanamke kutoka mbali, pengine mlangoni pa jikoni. Ni nyanya. Hakualikwa kuhojiwa, alikuwa akipika kahawa ya wageni. Anasema, wala hapandishi sauti:

"Na siku ya tisa je?"

Kikombe kinawekwa juu ya sahani. Jogoo wa jirani. Mtu anakohoa. Halafu, tak! Kitufe.

Kanda inaendelea pale ilipokatwa, na anayezungumza ni babu, katikati ya sentensi: "...na Mboya alipokuja pale Kiembeni, akasimama juu ya meza, watu wakanyamaza, nyamaza." Anaeleza kwa kirefu. Mboya alivyovaa. Mboya alivyowaambia wasimame imara, na wakasimama. Anaeleza hadi kanda inakaribia kwisha, na hakuna anayemkatiza.

Tom Mboya hakuwapo Kiembeni. Januari 1947 alikuwa na miaka 16, mwanafunzi wa Mang'u, karibu na Thika, na huenda hajaiona bahari bado. Makuli walimjua baadaye, Machi 1955, walipogoma tena wakati wa Hali ya Hatari. Mboya, sasa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi na bado hajatimiza miaka 25, alitoka Nairobi akaja Mombasa, akawashawishi wagomaji warudi kazini wakati yeye akizungumza na waajiri, na mwisho wake mshahara ukapanda kwa karibu theluthi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Oxford, chuo cha Ruskin, akisoma. Kibachia bado alikuwa Baringo.

Mwanzoni nililichukulia kosa la babu kuwa uzee. Miaka 39 ni mingi, na viongozi wawili walioongoza watu walewale bandari ileile ni rahisi kuchanganyika. Tena Mboya aliuawa barabarani Nairobi mwaka 1969, picha yake ikaingia katika kila nyumba, na Kibachia hakuwa na picha nyumbani kwa mtu yeyote ninayemjua. Mkubwa humeza mdogo. Niliandika pembeni mwa nakala yangu, "Amechanganya 1947 na 1955," nikaendelea.

Kilichonirudisha ni Mwitaliano. Alessandro Portelli alirekodi wafanyakazi wa kiwanda cha chuma katika mji wa Terni. Tarehe 17 Machi 1949 polisi walimuua pale kijana aliyeitwa Luigi Trastulli, wafanyakazi walipotoka kupinga nchi yao kujiunga na NATO. Lakini wazee wengi waliohojiwa walisema alikufa mwaka 1953, katika vurugu za watu kufukuzwa kazi kiwandani kwa maelfu. Portelli hakuwasahihisha akaondoka. Alijiuliza kwa nini wengi wakosee upande uleule. Akaona kwamba kifo kile kilikuwa kikubwa mno kwao kukiacha kwenye maandamano ya siku moja, tena kisicholipiziwa kisasi. Wakakihamishia mahali ambapo kingekuwa na maana, siku waliyopigana kweli.

Nikaanza kuuliza swali lake. Kwa nini babu amlete Mboya hapo hasa, sekunde ile, baada ya kitufe?

Nilirudi kanda ya kwanza. Iko wazi kabisa: mzee wa winchi anasema, bila kuulizwa, kwamba Mboya alikuja baadaye, "siku za Hali ya Hatari," na mzee wa tishali anaitikia. Walijua. Watu hawa wawili walikuwa wameketi mkeka mmoja na babu anapomsimamisha Mboya juu ya meza ya Kiembeni, na hakuna aliyesema, ewe bwana, hapo umekosea. Hawa ndio waliogombana dakika nne juu ya urefu wa mtu.

Nikaenda kanda ya nne. Humo ami anauliza juu ya mgomo wa 1955, na mzee wa winchi, ambaye kwa kawaida hasifu mtu, anasema: "Mwaka wa Mboya, huyu hapa hakuondoka mstarini. Andika hilo, mwalimu." Ami anamwambia kanda inaandika yenyewe. "Wewe andika," anasema mzee.

Kwa hiyo nadhani najua kilichotokea wakati kinasa sauti kimezimwa, ingawa hakuna sauti yake. Babu alirudi kazini siku ya tisa. Nyanya alijua, wazee wale wawili walijua, na mtoto wake hakujua. Walipowasha tena, babu alijibu swali lilelile kwa mgomo mwingine, ule aliokaa mpaka mwisho, na rafiki zake wakamwachia. Walimsitiri. Kosa la tarehe lilikuwa shuka waliyoishika watatu.

Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, nilipopata jibu la swali la kwanza la ami. Mafaili ya serikali yanazungumzia nguvu za kiongozi wa chama kwa hesabu ya watu waliogoma na meli zilizosubiri. Zipo nguvu za namna hiyo, na Kibachia alikuwa nazo, vinginevyo wasingehangaika kumpeleka Baringo. Lakini mtu huyu alikuwa ametolewa mjini miezi saba tu baada ya mgomo. Hakuwa na askari, hakuwa na pesa, wala hakujua jina la babu yangu. Na baada ya miaka 39 kibarua mmoja mzee, ndani ya nyumba yake mwenyewe, bado aliona haya mbele yake kiasi cha kuomba kitufe kibonyezwe.

Mwaka jana maktaba moja hapa mjini iliniomba nakala za kanda hizi. Wanataka kuzihifadhi na kuwaruhusu watu wazisikilize. Nikaona si haki kuamua peke yangu. Nikamwendea shangazi, dada yake ami, ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa babu. Ana miaka inayokaribia 80, anaishi na binti yake Tudor, na macho yamemchoka lakini masikio bado. Nikamweleza yote. Siku ya tisa, kitufe, Mboya.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Maiti husitiriwa, mwanangu. Hafunuliwi."

Nikamwambia sitaki kumfunua. Nikamwambia historia ya mgomo si ya mashujaa peke yao.

"Hiyo historia yako ina babu wangapi?" akaniuliza. "Maana mimi nilikuwa na baba mmoja."

Sikuwa na jibu, na sina hata sasa. Wapo wanaosema mtafiti lazima aseme kila alichokisikia, na najua kwa nini wanasema hivyo. Picha ya sebuleni ilinidanganya miaka mingi, na insha yangu ikawadanganya wengine. Lakini wazee wawili waliokuwa na haki kubwa kuliko yangu ya kumhukumu babu, kwa kuwa walivumilia njaa ileile siku tatu zaidi yake, waliamua kunyamaza. Mimi ambaye sijawahi kukosa chakula cha jioni niamue vingine? Niliondoka Tudor nikiwa nimekubali, karibu, kukata upande B na kutoa kanda nne na nusu.

Ili kuukata ilinibidi kwanza niuhamishe kwenye kompyuta, na kuuhamisha ni kuuacha uchezwe wote mpaka mwisho wa utepe. Sikuwahi kufanya hivyo. Kila mara nilizima pale ami anapowashukuru wazee na kusema mazungumzo yataendelea kesho, inshallah. Safari hii nilikuwa jikoni nikitafuta kiberiti, redio inaendelea. Shukrani zikapita. Viatu. Hodi na kwaheri za mlangoni. Na kinasa sauti, ambacho ami alikisahau mkekani akawasindikiza wageni, kikaendelea kuzunguka.

Vikombe vinakusanywa. Ni nyanya na babu peke yao.

"Mbona hukumwambia ulileta unga?" anasema nyanya.

Babu hajibu.

"Mtoto alikuwa halii tena. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia, hapo ndipo pa kuogopa. Ungemwambia hivyo tu. Wangekuelewa."

"Wao walikuwa na watoto pia," anasema babu. "Pia."

Zinabaki sekunde chache za ufagio, halafu utepe unakwisha.

Nilikaa chini palepale jikoni. Kisha nikahesabu, ingawa sikuwa na haja. Januari 1947 ami hakuwa amezaliwa. Baba yangu hakuwa amezaliwa. Babu na nyanya walikuwa na mtoto mmoja, msichana, aliyezaliwa mwaka uliotangulia.

Jumapili iliyofuata nilibeba redio mpaka Tudor. Sikumwambia shangazi kilichomo. Nilimwomba tu asikilize dakika moja kabla hatujaamua. Binti yake alikuwa ameandaa mbaazi na mahamri, tukasogeza sahani, nikaiweka redio juu ya stuli karibu na sikio lake la kulia, lile zuri zaidi. Nilikuwa nimeshaipanga kanda mwisho kabisa, baada ya shukrani za ami.

Vikombe vikasikika. Sauti ya mama yake ilipotoka alinyosha mkono akashika ukingo wa stuli. Alisikiliza mpaka ufagio ulipokatika, na redio ikafanya tak yake, na watoto wa jirani wakasikika tena nje wakicheza mpira.

"Irudishe," akasema.

Nikairudisha. Akasikiliza tena, kichwa kimeinama, midomo ikifuata maneno ya baba yake. Ilipofika mwisho sikungoja aniambie.